Choo cha boti kinapogoma: soma dalili kabla ya kushika spana

Matatizo ya choo cha boti si mengi, na yanarudi yale yale kwenye boti za kila aina. Mkono wa pampu unakuwa mgumu, bakuli linajaa maji usiku watu wamelala, harufu haitoki hata usugue vipi, tangi linakataa kumwagika. Kinachowapoteza wengi ni haraka. Dalili moja huweza kuwa na vyanzo vinne au vitano, na anayekimbilia kufungua pampu mara nyingi huifunga tena kama alivyoikuta, kwa sababu ugonjwa ulikuwa mita mbili mbele, kwenye tundu la hewa lisilozidi upana wa kidole. Kwa hiyo chini hapa kila dalili inaanza na chanzo kinachotokea zaidi na kipimo rahisi zaidi, na spana inakuja baadaye.

Kwanza ijue njia ya maji. Maji ya bahari yanaingia kwa koki iliyo chini ya mstari wa maji, yanapita kwenye mpira mwembamba, kwa kawaida wa milimita 19, hadi kwenye pampu na bakuli. Uchafu unatoka chini ya pampu kupitia valvu laini ya mpira yenye umbo la mdomo wa bata, kisha unafuata mpira mnene wa milimita 38, unapanda hadi kwenye pindo la juu lenye kivalvu cha hewa, halafu unashuka kwenye tangi. Tangi lenyewe lina milango mitatu: wa kuingilia, wa kutokea (juu kwenye sitaha kwa ajili ya kufyonzwa bandarini, au baharini kupitia pampu ya kusaga), na kipumulio, yaani mpira mdogo unaotoka ubavuni mwa boti ili tangi livute na kutoa hewa. Mlango huo wa tatu ndio unaosahaulika, na ndio chanzo cha nusu ya kesi utakazosoma hapa.

Kabla hujagusa kitu

Funga koki zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa, na uhakikishe zimefunga kweli. Mpira wa milimita 38 ukichomoka nusu mita chini ya mstari wa maji huku koki iko wazi, unaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Hakuna pampu ya kawaida ya ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanakokusanyika) kwenye boti ndogo inayoshindana na hilo kwa muda mrefu. Weka kizibo cha mbao chenye ncha karibu na kila koki, kifungwe kwa kamba palepale. Kama koki imeganda na haizunguki, usiilazimishe boti ikiwa majini. Ikivunjika mkononi mwako, umejitengenezea tundu usiloweza kulifunga. Hiyo ni kazi ya fundi, boti ikiwa imepandishwa nchi kavu.

Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, zima umeme wa choo kama kina mota. Na hili naliandika kwa msisitizo: usichanganye kamwe dawa ya klorini na asidi, wala usimwage klorini kwenye bakuli lenye mkojo mwingi ndani ya chumba kidogo. Gesi inayotoka inaunguza mapafu.

Mkono wa pampu ni mgumu

Uliza mkono wenyewe: ugumu uko wapi? Kwenye pampu nyingi za mkono, pistoni hufanya kazi pande zote mbili. Ukisukuma chini unatoa uchafu kuelekea tangini, ukivuta juu unapeleka maji safi kwenye bakuli. Kwa hiyo ugumu wa kwenda chini peke yake unaonyesha njia ya uchafu. Ugumu wa kwenda juu unaonyesha upande wa maji ya kuoshea. Ugumu wa pande zote mbili, unaokwaruza na wakati mwingine kupiga kelele, ni pistoni kavu.

Pistoni kavu ndiyo ya kawaida zaidi na ndiyo nyepesi kutibu. Mimina maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kwenye bakuli, piga pampu taratibu mara kadhaa. Nafuu ikija, lakini ugumu ukarudi baada ya siku chache, fungua kichwa cha pampu na upake silinda na oringi (pete ya mpira) ya pistoni grisi ya silikoni. Usitumie grisi ya magari wala mafuta yatokanayo na petroli, maana mpira unavimba na valvu zote zinaharibika pamoja.

Kama ugumu ni wa kwenda chini, angalia kwa mpangilio huu:

1. Koki ya kutolea au valvu ya njia tatu (inayochagua uchafu upite njia ipi) imefungwa, au imeachwa katikati. Fuata mpira kwa mkono hadi kwenye valvu, usiamini kumbukumbu.
2. Tangi limejaa.
3. Kipumulio kimeziba, hivyo kila pigo la pampu linashindana na hewa isiyo na pa kutokea.
4. Kuna kitu kimekwama: vitambaa vya kujipangusia, pamba, uzi wa meno, karatasi nzito.
5. Mpira umejaa ukoko wa chokaa.

Dalili ya namba 2 na 3 inajulikana: ukiuachia mkono wa pampu, unapanda wenyewe. Hapo acha kabisa kupiga. Ukiendelea unajaza presha kwenye tangi, na kitakachopasuka ni kiungo dhaifu zaidi, kwa kawaida kile kilicho nyuma ya kabati usikokifikia. Ili kutoa presha, fungua kifuniko cha tangi kwenye sitaha. Simama pembeni, uso wako usiwe juu ya tundu, zungusha robo kwa robo hadi usikie hewa inapuliza, kisha ungoje inyamaze. Ukiona majimaji yanachuruzika badala ya hewa, kaza tena mara moja na umwite mtu mwenye vifaa vya kufyonza.

Ukoko unastahili maneno zaidi, kwa sababu unakua kimya kimya. Maji ya bahari yakikutana na mkojo yanaacha chokaa kwenye kuta za mpira, tabaka juu ya tabaka. Ukikata mpira wa zamani utaona pete nyeupe yenye rangi ya kijivu, ngumu kama ganda la kombe, na katikati tundu la kupitisha kidole gumba tu. Tabaka changa huyeyushwa na siki: mimina nusu lita, piga pampu mara moja au mbili ili ifike kwenye mpira, iache usiku kucha, kisha osha kwa maji mengi. Tabaka nene haliisikii siki. Zipo asidi kali zaidi za kazi hii, lakini fuata maelezo ya mtengenezaji neno kwa neno, na usizipeleke kwenye tangi la alumini au la chuma cha pua. Njia ya mabaharia wengi ni kuuchomoa mpira, kuutoa nje na kuupigapiga kwenye sakafu ngumu hadi ukoko upasuke na kumwagika. Ikusanye hiyo takataka, usiisukume majini.

Kinga yake ni kupiga pampu vya kutosha. Mita moja ya mpira wa milimita 38 inabeba lita moja na kidogo. Kama kutoka chooni hadi juu ya pindo ni mita tatu, mapigo matano ya haraka hayafikishi kitu popote, na mkojo unalala ndani ya mpira ukitengeneza chokaa.

Bakuli linajaa lenyewe

Hii ndiyo dalili ninayoomba isipuuzwe hata kwa saa moja. Boti huzama zikiwa zimetulia gatini kwa sababu ya choo. Bakuli likiwa chini ya mstari wa maji, bahari haihitaji pampu ili kuingia. Inahitaji njia iliyo wazi tu.

Funga koki ya kuingiza maji, pangusa bakuli likauke, kaa nusu saa. Bakuli likibaki kavu, maji yalikuwa yanatoka upande wa kuingiza. Likipanda tena, yanarudi kutoka upande wa uchafu. Rangi na harufu vitakuambia hata kabla ya nusu saa kwisha.

Upande wa kuingiza, chanzo cha kwanza ni swichi ya pampu kuachwa kwenye nafasi ya maji badala ya nafasi kavu. Cha pili ni raba za valvu zilizo kichwani mwa pampu kuchakaa. Cha tatu ndicho cha hatari zaidi: pindo la juu la mpira wa maji safi halipo, au kivalvu chake cha hewa kimeziba kwa chumvi, hivyo maji yakishaanza kutiririka yanajivuta yenyewe bila kukoma. Fungua kivalvu hicho, kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, pulizia: hewa ipite upande mmoja tu, isirudi. Kama pindo halipo, liwekwe kati ya pampu na bakuli, si kati ya koki na pampu, la sivyo pampu itavuta hewa badala ya maji. Kilele chake kiwe angalau sentimita 20 juu ya mstari wa maji, na mstari huo upimwe boti ikiwa imelala upande, si ikiwa imenyooka gatini. Watu wengi hupima bandarini, kisha upepo unapolaza boti pindo linajikuta chini ya bahari.

Upande wa uchafu, karibu kila mara ni valvu ya mdomo wa bata. Ichomoe uishike mbele ya mwanga. Nzima ina midomo laini inayokutana bila kuacha mwanya. Iliyochoka imekakamaa, midomo imepinda nje, au ina chembe za chokaa katikati zinazoizuia kufunga. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote kwenye choo na ndicho kinachofanya kazi ngumu kuliko vyote, kwa hiyo usiisafishe na kuirudisha. Weka mpya, na ubadilishe kila mwaka hata kama hailalamiki. Unapoirudisha, ncha ya mdomo ielekee uchafu unakokwenda.

Ukishabadilisha valvu na bado maji machafu yanarudi kwa wingi, chunguza pindo la juu la upande wa uchafu. Kiasi kidogo kurudi ni kawaida: ni kile kilichobaki kwenye mpira unaopanda. Bakuli kujaa hadi ukingoni si kawaida. Kaa na koki zimefungwa hadi fundi aone.

Unapiga pampu, maji hayaji

Koki imefungwa, au swichi iko kwenye nafasi kavu: ndivyo ilivyo mara nyingi. Kisha mwani au mfuko wa plastiki umeziba tundu la nje. Kisha pampu imekaa siku nyingi bila kazi na imepoteza maji yake, na hapo kumwaga kikombe cha maji kwenye bakuli na kupiga kwa nguvu kidogo kunatosha. Isipokubali, tafuta mahali hewa inapoingilia, hasa kibano kilicholegea kwenye mpira wa kuingiza: mpira unaweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone. La mwisho ni oringi ya pistoni iliyokwisha. Nunua pakiti nzima ya raba za pampu yako na ubadilishe zote kwa pamoja.

Harufu isiyoisha

Usinunue dawa ya kunukia. Harufu ina anwani, na kazi yako ni kuifuata.

Ikitokea mara ya kwanza unapopiga pampu baada ya boti kukaa siku kadhaa, kisha ikapungua, tangi halina kosa. Ni maji ya bahari yaliyolala kwenye mpira wa kuingiza. Vijidudu na vijani vya baharini vimekufa humo na kuoza, vikatoa gesi ya yai bovu. Kabla ya kuondoka botini, funga koki ya kuingiza, mimina maji baridi yasiyo na chumvi kwenye bakuli na uyapige hadi mpira wa uchafu uoshwe. Upande wa kuingiza unaweza kuoshwa kwa kuunganisha chupa ya maji kwenye mpira baada ya koki. Usiunge mfumo wa maji ya kunywa moja kwa moja na choo cha maji ya bahari. Vijidudu vinaweza kurudi nyuma hadi kwenye tangi la maji mnayokunywa.

Harufu ikija kila unapopiga pampu, angalia kipumulio. Tangi linalopumua vizuri lina bakteria wanaotumia oksijeni, nao hawatoi uvundo mkubwa. Tangi lililozibwa linatawaliwa na bakteria wasiohitaji oksijeni, nao hutoa haidrojeni salfaidi, ile gesi ya yai bovu, na methani. Mwambie mwenzako apige pampu, wewe shika kidole kilicholowa mbele ya tundu la nje. Usiposikia pumzi, limeziba. Chunguza chumvi, rangi iliyopakwa juu ya tundu, kiota cha wadudu, au uchafu uliosukumwa humo siku tangi lilipojazwa kupita kiasi. Rudisha maji taratibu kutoka nje kuelekea tangini, tangi likiwa na nafasi. Kichujio cha mkaa kikishalowa hakipitishi hewa, kiondoe. Na kama mpira wa kipumulio una sehemu iliyoning'inia kama tumbo, majimaji yatatuama hapo daima. Uelekeze juu moja kwa moja, uwe mfupi iwezekanavyo.

Harufu ikiwa ipo muda wote, hata choo hakitumiki, shuku mipira yenyewe. Mpira wa kawaida hupenyezwa na uvundo baada ya muda, hasa pale uchafu unapotuama. Kipimo: lowesha kitambaa safi kwa maji ya moto, kikamue, kizungushe kwenye mpira, kiache kipoe, kisha ukinuse ukiwa nje ya chumba. Kitambaa kikinuka, mpira umekwisha na hakuna dawa ya kuuosha. Weka mpira uliotengenezwa kwa ajili ya majitaka, na vibano viwili vya chuma cha pua kila mwisho. Mpira mpya ni mgumu. Uchovye kwenye maji ya moto kabla ya kuuingiza, usiukate wala kuunyoa.

Baada ya hapo tafuta mvujo mdogo: chini ya kitako cha choo, kwenye ufito wa pampu, kwenye viungo vya tangi. Na ukikosa kote, inua ubao wa sakafu. Mara nyingi ngama yenyewe ndiyo inayonuka, ina maji ya kuogea na mabaki ya mafuta, na choo kinalaumiwa bure.

Onyo: haidrojeni salfaidi ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa. Uvundo mkali ukipotea ghafla ukiwa umeinama kwenye kabati au ngama, toka nje mara hiyo. Kichwa kikikuuma au macho yakiwasha, toka pia. Methani inalipuka, kwa hiyo hakuna sigara wala cheche karibu na tangi lililo wazi.

Tangi halimwagiki

Kipumulio tena. Tangi likifyonzwa bila hewa kuingia, mtiririko unaanza vizuri kisha unakatika, na kuta za plastiki zinaweza kukunjwa ndani hadi zipasuke. Ukisikia tangi linalia au linabonyea, simamisha ufyonzaji.

Kama kipumulio ni kizima, angalia valvu ya njia tatu, halafu tope lililoganda chini. Mimina lita 20 za maji kupitia sitaha, iache boti iyumbe kwa muda, fyonza tena, rudia. Ufyonzaji ukileta hewa na povu huku tangi ni zito, bomba la ndani linalochovya hadi chini limepasuka karibu na juu, au oringi ya kifuniko cha sitaha inavuta hewa. Kipimo cha ujazo kinachosema "limejaa" siku zote mara nyingi kimepakwa uchafu tu. Bisha ubavuni mwa tangi usikilize sauti inabadilikia wapi.

Kwa wanaomwaga baharini: Kiambatisho cha IV cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, kilichoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2003, kinazitaka meli za safari za kimataifa zenye ukubwa wa tani 400 na zaidi, au zilizoidhinishwa kubeba zaidi ya watu 15, ziwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, zikienda kwa kasi isiyopungua noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa), kabla ya kumwaga majitaka ya tangini yasiyosagwa na kuuliwa vijidudu. Yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu, zaidi ya maili 3. Boti ndogo inafuata sheria ya nchi iliyomo, na sehemu nyingi zinataka valvu ya kutolea ifungwe kwa kufuli. Waogeleaji na wavuvi ndio wanaolipia uzembe wa valvu hiyo.

Choo cha umeme hakizunguki

Fyuzi kwanza. Kisha volti, lakini zipimwe kwenye vituo vya mota huku kitufe kimebonyezwa, si kwenye betri iliyotulia. Mota hizi zinavuta umeme mwingi. Betri ikionyesha volti 12.5 na mota ikapata 10, umeme unapotea njiani kwenye waya mwembamba au kiungo chenye kutu ya kijani.

Mota ikinguruma bila kuzunguka, achia kitufe papo hapo, kuna kitu kimekwama kwenye visu. Zima umeme kwenye swichi kuu. Pampu nyingi za kusaga zina mfuo nyuma ya mhimili, unaweza kuuzungusha kwa bisibisi huku na huku. Ikizunguka kwa kelele lakini haitoi, raba ya ndani imekatika, mara nyingi kwa sababu pampu iliachwa ikizunguka kavu baada ya tangi kwisha. Fyuzi mpya ikikatika mara ya pili, usiweke kubwa zaidi. Mwite fundi umeme.

Tangi lenyewe linavuja

Kiungo kinachodondosha unaweza kukikaza kwa mkono na robo mzunguko wa spana, si zaidi, kwani plastiki hupasuka. Ufa kwenye ukuta wa tangi ni jambo jingine. Gundi za kawaida hazishiki kwenye plastiki ya matangi mengi, na tangi la alumini lililotoboka mahali pamoja kwa kawaida limeliwa na kutu mahali pengine pia. Acha kutumia choo, lifyonzwe hadi tupu, lioshwe, kisha fundi wa boti aamue kulichomelea au kulibadilisha. Asiingize mtu kichwa ndani ya tangi kuchungulia, hata likiwa tupu na limeoshwa. Atumie kioo na tochi kutoka nje, hewa ikiwa inapita.